Nakimbia kilomita 10, ngazi za nyumbani zikanitoa pumzi

Tulihamia Ganjoni Januari 2023, gorofa ya sita, nyumba inayoingiza upepo wa bahari mpaka jikoni. Lifti ilifanya kazi siku 11, kisha ikakwama. Fundi akaja, akafungua, akafunga, akasema kipuri chake hakipatikani hapa Mombasa, lazima kiagizwe. Tukapanda ngazi miezi saba.

Siku ya kwanza ya ngazi nilikuwa natoka kazini. Nafanya kazi katika ofisi ya klaringi, na jioni hiyo nilikuwa na mkoba begani, mfuko wa viazi na vitunguu mkono mmoja, simu sikioni, namweleza mteja kontena lake limekwama wapi. Nilipanda kwa haraka kama nilivyozoea kutembea. Gorofa ya nne maneno yakaanza kukatika. Gorofa ya tano nikamwambia mteja nitampigia. Nilipofika mlangoni niliangusha mfuko, nikashika fremu kwa mikono miwili, natweta kama mtu aliyeokolewa majini, moyo nausikia kooni. Mwanangu wa miaka tisa alifungua akanitazama. "Mama, nani amekukimbiza?"

Na asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimekimbia kilomita 10.

Nakimbia tangu 2018. Kundi letu hukutana Mama Ngina, barabara ya kando ya bahari hapa Mombasa, baada ya swala ya alfajiri, wanawake kwa wanaume, wengine na hijabu zetu. Tunaanzia chini ya mibuyu, tunaelekea Fort Jesus, tunarudi, tunazunguka tena mpaka hesabu itimie. Mara tatu kwa wiki. Njia nzima mimi na shoga yangu tunazungumza: harusi za watu, shule za watoto, bei ya samaki. Nikimaliza nimelowa jasho chapachapa, lakini pumzi ninayo. Sikuelewa vipi mtu wa namna hiyo ashindwe na vidato vya nyumbani kwake.

Ila kilichonitisha hasa kilitoka mbali zaidi. Marehemu baba alianza hivyo hivyo. Nyumba ya bibi Mji wa Kale ina ngazi za mbao zilizosimama wima, na mwaka wa mwisho wa uhai wake baba alikuwa akizipanda nusu, anasimama, anaegemea ukuta, anasema, "Ngojeni kidogo, uzee huu." Alikuwa na miaka 58. Hakuna kati yetu aliyempeleka hospitali kwa sababu ya ngazi. Alifariki 2011, moyo. Kwa hiyo nilipokuwa nimeshika fremu ya mlango wangu, niliyemwona ni baba ameegemea ukuta.

Usiku ule sikumwambia mume wangu kitu. Kesho yake nikaanza kujipima peke yangu kwa siri, na hapo ndipo nilipojitia kwenye shida. Nilivaa saa yangu ya mazoezi, nikapanda, nikatazama mapigo ya moyo: 171. Nikikimbia huwa 150 hivi. Nikapanda tena usiku: 168. Kila nikiona namba naogopa, na hofu yenyewe inaharakisha moyo, nikitazama tena namba bado iko juu. Wiki ya pili nikaacha kukimbia kabisa. Nilijiambia naupumzisha moyo. Wiki nne nilikaa bila mazoezi, ngazi zikazidi kuwa ngumu, nami nikalichukua hilo kuwa ushahidi kwamba kweli naumwa. Sikuwaza kwamba mtu yeyote akiacha mazoezi wiki nne atadhoofika.

Nikaenda kliniki moja ya kulipia karibu na kazini. Aliyenihudumia aliniuliza maswali mawili matatu, hakunisikiliza hata kifua, akaniandikia pampu ya pumu. Shilingi 1,500 kumwona, 950 ya pampu. Nikawa napuliza kabla ya kupanda. Siku ya tatu mikono ilikuwa inatetemeka, kusaini fomu za forodha nashindwa, moyo unadunda hata nikiwa nimekaa kitini. Baadaye sana ndipo nilipoelezwa kuwa dawa ile hutetemesha mikono na kuharakisha moyo, ni athari zake zinazojulikana. Wakati ule mimi nilihesabu kuwa ugonjwa unazidi. Nilikuwa nalala nasikiliza mapigo kwenye mto. Nilianza kumwandikia mume wangu karatasi ya madeni yetu na nani tunamdai.

Ndugu zangu, ukipewa pampu ya pumu uliza wamepima nini wakajua ni pumu. Kuna kifaa cha kupuliza kinachopima nguvu ya pumzi, na kifua husikilizwa. Usione haya kuuliza, pesa ni zako na mapafu ni yako.

Mtu wa kwanza kunifumbua macho hakuwa daktari. Ganjoni, kama mitaa mingi ya Mombasa, maji ya mfereji huja yakipenda, na pampu ya kupandishia juu ilikuwa mbovu pia. Tulikuwa tunanunua kwa mzee mmoja mwenye mkokoteni, mtungi wa lita 20 kwa shilingi 30 chini, 50 ukitaka gorofa ya sita. Mtungi mmoja umejaa ni kilo 20 na ushee. Yeye alikuwa akibeba miwili kwa mpigo, mmoja kila mkono. Umri wake si chini ya miaka hamsini na kitu, mwembamba, kandambili miguuni.

Siku moja tulianza kupanda pamoja. Nikampita gorofa ya kwanza, nikampita mbali. Gorofa ya tano nilikuwa nimesimama nahema, na kutoka chini nikaanza kusikia sauti yake: anapiga hatua, anatoa pumzi kwa mdomo, "fyuu", hatua, hatua, "fyuu". Mwendo ule ule, haongezi wala hapunguzi. Unyayo wote unalala kwenye kidato, kisigino na vidole. Kila ngazi zinapokata kona anatua mitungi, anavuta pumzi mbili, anabeba tena. Alinipita. Nilipofika mlangoni yeye alikuwa ameshamimina mtungi wa kwanza kwenye pipa, na jasho linamtoka lakini anaongea.

"Mama," aliniambia, "wewe wapanda kama mtu anayefukuzwa. Na pumzi waibana. Ngazi zataka adabu."

Nilimwuliza kama yeye hatweti. Akacheka. Akasema siku akiwahi, akapanda kwa pupa, hutweta kama mtu mwingine yeyote, na miaka 14 anabeba maji. Maneno hayo nililala nayo. Kama mtu huyu, ambaye kazi yake ni ngazi, hutweta akiharakisha, basi labda kutweta kwenyewe si habari.

Kesho yake nilimwambia mume wangu kila kitu. Alikasirika kwa kunificha, kisha tukaenda pamoja kwa daktari wa moyo. Gharama naziweka wazi kwa sababu watu huogopa wasichokijua: kumwona daktari 4,000, kipimo cha umeme wa moyo 2,500, picha ya moyo 9,000, damu 1,200. Bima ililipa sehemu, nyingine tulitoa mfukoni. Pesa hizo sizijutii hata shilingi moja. Mtu ambaye mzazi wake amekufa mapema kwa moyo ana haki ya kupimwa, na hata kama majibu ni safi, usingizi ulirudi. Nazijutia zile za pampu, na wiki nne za kujifungia.

Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, hakuanza na mashine. Aliniuliza maswali ambayo sikuwahi kujiuliza. Kifua kinauma au kinabana ninapopanda? Hapana. Nimewahi kuona kizunguzungu au kuzimia? Hapana. Usiku nalala chali au nahitaji mito mingi ili nipumue? Chali. Miguu inavimba? Hapana. Nikikimbia pumzi inanisumbua? Hapana. Kisha lile lililobadilisha kila kitu: "Ukifika mlangoni, inakuchukua muda gani mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kukata?"

Sikujua. Wiki sita nilikuwa napima moyo unapanda juu kiasi gani, sikuwahi hata mara moja kupima unashuka kwa muda gani. Akaniambia saa ya mkononi isinisumbue, mara nyingi hukosea mapigo yanapobadilika ghafla. Nipime muda wa kurudi. Jioni hiyo nikapima: dakika mbili na sekunde 40. Nilipomrudia na namba yangu, majibu yote yakiwa mezani na yote safi, ndipo aliponieleza.

Ukitoka kwenye kiti au kwenye matatu ukaanza kazi nzito, misuli inataka nguvu sasa hivi. Moyo na mapafu haviwezi kuruka papo hapo. Huchukua kama dakika mbili hadi tatu kufikia kasi inayotosheleza kazi hiyo. Katika dakika hizo misuli hujitegemea. Kuna akiba ndogo ndani yake ya sekunde kama 10, na baada ya hapo huvunja sukari bila kungoja oksijeni ya kutosha. Mimi nilimwelewa kwa mfano wa duka la mtaani kwetu: unachukua unga, unachukua mafuta, unaandikwa kwenye daftari, unaondoka. Chakula umepata, deni umeliacha. Gorofa sita nilikuwa nazipanda kwa sekunde 70. Yaani nilikuwa nafika mlangoni kabla moyo na mapafu yangu hayajafika. Na pale mlangoni ndipo mwenye duka anapofungua daftari.

Sukari ikivunjwa kwa njia hiyo, damu inaingiwa na asidi. Mwili unaizimua, na katika kuizimua inatoka kaboni dayoksaidi nyingi zaidi ya kawaida. Hiyo kaboni dayoksaidi na asidi ndiyo hasa inayokuamuru uheme. Ndiyo maana umeshasimama, kazi imekwisha, na kutweta ndiyo kwanza kunapamba moto.

"Basi mbona nikikimbia sitweti?" nilimwuliza. Akaniuliza dakika kumi za kwanza za mbio zangu nafanya nini. Natembea kutoka nyumbani hadi Mama Ngina, nasalimia watu, tunaanza polepole mpaka miguu ifunguke. Kumbe pale deni linakuwa dogo na linalipwa njiani, kisha moyo, mapafu na miguu vinakwenda sawa kwa saa nzima. Mazoezi ya miaka mitano yamenifanya hodari wa hiyo saa nzima. Sekunde 70 za nguvu za ghafla ni kazi nyingine, na mimi sikuwahi kuifanyia mazoezi.

Halafu kuna urefu. Nilirudi nyumbani nikahesabu vidato: 18 kila gorofa, 108 kwa jumla, kila kimoja sentimita 17. Ni zaidi ya mita 18 kwenda juu. Huo ni mnazi mrefu. Mimi kilo 62, na mizigo kilo sita, nilikuwa nainua kilo 68 hadi kileleni mwa mnazi kwa dakika moja na kidogo, tena na simu sikioni. Barabara ya Mama Ngina haikuinui hivyo. Ukikimbia tambarare mwili hupanda sentimita chache tu kila hatua, na kano ya kisigino hufanya kama mpira: inavutika unapokanyaga, inakurudishia sehemu ya nguvu unapoondoka. Kwenye ngazi hakuna cha kurudishiwa. Kila kidato unaanza upya, kwa mapaja na makalio, na ukipapasa mapaja ya wakimbiaji wengi wa masafa utakuta ni membamba kama yangu.

Na joto. Ngazi zetu hazina dirisha mpaka gorofa ya tatu. Februari na Machi, kaskazi ikielekea mwisho, ukuta wenyewe unatoa fukuto. Katika hewa nzito ya pwani jasho linatiririka badala ya kukauka, mwili haupoi, moyo unapeleka damu kwenye ngozi na huku miguu nayo inadai. Nilipopima saa kumi na mbili asubuhi na tena saa nane mchana, muda wa kurudi ulitofautiana kwa karibu nusu dakika, ngazi zile zile, mtu yule yule.

Nilikuja kusoma pia juu ya kipimo walichotangaza madaktari wa moyo wa mji wa A Coruña, Uhispania, mwaka 2020. Walichukua watu 165 waliokuwa wakipimwa moyo kwa dalili kama za kuumwa kifua au kuishiwa pumzi, wakawapandisha gorofa nne, vidato 60, kwa mwendo wa haraka bila kukimbia. Waliomaliza chini ya sekunde 45 hivi walionekana kuwa na uwezo mzuri. Waliozidi dakika moja na nusu ndio wa kufuatiliwa. Kilichonituliza ni kwamba walichopima ni muda. Anayefika kwa sekunde 40 akitweta amefaulu. Nilijaribu, baada ya kupata majibu yangu safi na si kabla: sekunde 41. Kama una dalili usiharakishie kipimo hiki ngazini peke yako, mwone daktari kwanza.

Furaha ya majibu safi ikanipeleka pabaya kwa namna nyingine. Jumamosi iliyofuata nilipanda na kushuka gorofa zote sita mara kumi, kwa kasi. Jumapili na Jumatatu kukaa kitini ni shida, kutoka kitandani nashika ukuta, na goti la kushoto lilinisumbua wiki tatu. Watu hufikiri kupanda ndiko kunakoumiza. Kwa misuli ya mapaja, kushuka ndiko kunakoacha maumivu, maana msuli unajikaza na huku unavutwa. Kama unataka kufanya mazoezi ya ngazi, kwa wiki za mwanzo shuka polepole ukishika reli, au shuka kwa lifti ikiwa ipo.

Nilichokuja kufanya, na bado nakifanya, ni hiki. Mara moja kwa wiki napanda gorofa sita kwa mwendo wa mzee wa maji, natoa pumzi kila hatua mbili, unyayo wote chini. Nilianza kwa kuzipanda mara tatu siku hiyo, baada ya mwezi nikafika mara tano. Siku nyingine moja, nyumbani, nachuchumaa na kuinuka, napanda na kushuka kwenye kigoda imara kilichoegemea ukuta, mguu mmoja mmoja, na baada ya miezi miwili nikaanza kupanda vidato viwili kwa hatua moja kwa gorofa mbili za kwanza. Nikitoka kazini nashuka matatu kituo kimoja kabla, natembea, ili nikifika chini ya jengo moyo uwe umeshaamka. Simu ikilia ngazini siipokei. Hilo la simu ni dogo lakini lilisaidia kuliko nilivyotarajia: ukiongea unabana pumzi bila kujua, na mtu mwenye mzigo mkononi huzidi kuibana.

Baada ya wiki nane muda wangu wa kurudi ulishuka kutoka dakika mbili na sekunde 40 hadi dakika moja na sekunde 10. Kutweta hakukwisha. Nikipanda kwa haraka mpaka leo natweta, na wenzangu wa Mama Ngina wenye kasi kunizidi nimewapandisha ngazi zangu wote, wote walifika mlangoni midomo wazi.

Sasa nieleze kosa langu kubwa kuliko yote, ambalo halikuwa juu ya mwili wangu.

Juni wifi yangu alikuja kuishi nasi. Ana miaka 34, naye yumo kwenye kundi letu la mbio, na kwa kasi alikuwa akiniacha. Wiki za mwanzo alikuwa akipanda na kutweta kama sisi sote. Akasema, "Wifi, ngazi zenu zitaniua." Nami, kwa kuwa nilishasoma na kuelezwa, nikamjibu kwa uhakika wote: ni deni la oksijeni, ni kawaida, dakika mbili litapita, hata mabingwa hutweta. Nilimchorea mpaka mfano wa duka. Alitulia, maana aliniamini.

Julai alianza kusimama gorofa ya nne. Kisha ya tatu. Kwenye mbio akawa anabaki nyuma na waliojiunga juzi, akasema ni uvivu. Nikamwambia aje tufanye mazoezi ya ngazi. Na usiku nilikuwa nasikia kitu jikoni: krach, krach, krach. Anafungua friza, anajaza bilauri vipande vya barafu, anasimama gizani anavitafuna kimoja baada ya kimoja. Asubuhi trei zote tupu. Nilikasirika juu ya trei. Sikuuliza kwa nini mtu mzima anatamani barafu kama mtoto anavyotamani peremende.

Siku moja ya Agosti tulipanda pamoja tukitoka sokoni. Hakuwa na mzigo, mzigo nilibeba mimi. Kati ya gorofa ya tatu na ya nne akakaa kwenye kidato. Nikatazama saa, nangoja dakika mbili zangu. Zikapita. Zikapita tatu, nne, tano, bado anahema, anajaribu kuniita "wifi" na neno linakatika katikati. Alikuwa ameshika reli, na ndani ya kiganja chake, ile mistari ambayo kwa kila mtu ina wekundu, ilikuwa myeupe kama nta ya mshumaa. Mzee wa maji alikuwa anapanda nyuma yetu. Akatua mitungi, akamtazama machoni, akanitazama mimi. "Mama, huyu si wa kungoja."

Kiwango cha damu yake, yaani himoglobini, kilikuwa gramu 7.4 kwa desilita. Mwanamke mzima asiye mjamzito anatakiwa asipungue 12. Alikuwa na vivimbe kwenye kizazi, hedhi ikimtoka nyingi kwa miezi, akiona haya kusema, na madini ya chuma mwilini yalikuwa yamekwisha. Muuguzi alipoandika maelezo akamwuliza, bila hata kuinua kichwa, "Barafu unatafuna? Udongo je?" Nikasikia trei zile zikigonga kichwani mwangu. Hamu ya barafu au udongo ni ishara inayojulikana ya upungufu wa madini hayo, nami nililala chumba cha pili nikiisikia kila usiku.

Tofauti kati yake na mimi ilikuwa wazi kwa mtu aliyetaka kuiona. Mimi ngazi zilinichosha tangu siku ya kwanza na kwa kiasi kile kile, ukiondoa zile wiki nne nilizoacha mazoezi mwenyewe, na mbio zangu hazikuguswa. Yeye alikuwa anabadilika wiki kwa wiki: kituo chake kinashuka gorofa moja baada ya nyingine, mbio zinapungua, muda wa kurudi unarefuka. Mabadiliko hayo ndiyo yanayopeleka mtu hospitali, sawa na kifua kinachobana, kizunguzungu, kuzimia, moyo unaoruka mapigo, miguu kuvimba, au pumzi kukosa ukilala chali. Baba alikuwa na mabadiliko hayo. Nilimkumbuka baba kwa ajili yangu mimi, nisiyeumwa, na nikamsahau kwa ajili ya wifi aliyekuwa anaumwa mbele yangu. Nilimwomba radhi pale pale kwenye benchi la hospitali. Akanishika mkono, mkono baridi, akasema hata yeye alifurahi kuambiwa ni kawaida.

Alipewa tembe za chuma na matibabu ya kupunguza hedhi. Kwa anayezitumia: asizinywe na chai. Chai huzuia chuma kuingia mwilini, na sisi huku chai na mahamri ndiyo asubuhi yenyewe. Yeye alikuwa akizinywa saa nne, mbali na chai, kwa maji ya machungwa au ndimu. Choo huwa cheusi, asishtuke. Na asiache akijisikia nafuu. Daktari alimwambia aendelee miezi kadhaa hata baada ya damu kupanda, ili akiba ijae. Wiki ya tatu barafu ilibaki kwenye trei. Nilizikuta zimejaa asubuhi nikasimama pale jikoni nikalia.

Lifti ilitengenezwa Septemba. Desemba damu yake ilikuwa 11.9, na jioni moja stima ikapotea mtaa mzima, tukiwa chini ya jengo mimi na yeye. Nikamwambia tungoje irudi. Akasema hapana. Tulipanda kwa tochi ya simu yangu, mwendo wa mzee wa maji, pumzi kila hatua mbili. Gorofa ya tatu hakusimama. Ya nne hakusimama. Mlangoni alishika fremu kwa mikono miwili, anatweta, nami nikamulika saa ya mkononi na sikusema neno. Dakika moja na sekunde 20, akainua kichwa akaniambia ana njaa, na kama viazi karai vya jana vimebaki nisimpe mtu mwingine.